Lori la Jeshi Katika Shamba la Mama Mkwe

Saa moja asubuhi, Narung'ombe, wilayani Ruangwa. Lori kubwa la bluu limesimama kwenye njia ya pembeni mwa shamba, injini inanguruma na moshi mweusi unapanda juu ya mikorosho ya jirani. Lori lenyewe halisogei. Kinachosogea ni plau, kiasi cha mita sabini mbele yake, inayokuja polepole huku ikipasua udongo mkavu wa mwisho wa kiangazi.

Kati ya plau na lori kuna waya wa chuma uliokaza mpaka unalia. Waya huo unajiviringisha kwenye winchi iliyo chini ya taa za mbele. Ndani ya kichwa cha lori, Swalehe Likanga, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ameshika gia ya winchi kwa mkono mmoja na shingo ameitoa dirishani.

Nyuma ya plau anatembea Fortunatus, fundi wa kuchomelea kutoka Nachingwea mjini, ameng'ang'ania mipini miwili na jasho linamtiririka. Upande wa pili wa shamba amesimama Hadija, mke wa Swalehe, akiwa na kipande cha kanga nyekundu mkononi. Akikipunga, lori linavuta. Akikishusha, kila kitu kinasimama.

Vijana wawili wa bodaboda wamesimamisha pikipiki zao kutazama. "Mzee baba," mmoja anapaza sauti, "hilo lichuma limegoma au linavuta sigara tu? Mbona haliingii shambani?"

"Likiingia, mama yako atavuna wapi?" Swalehe anamjibu bila kugeuka.

Vijana wanacheka. Swalehe naye anacheka kidogo, kisha anarudisha macho kwenye kile kitambaa chekundu.

Shamba hili ni la mteja na kesho litakuwa limekwisha. Linalomnyima usingizi ni shamba jingine, ekari tatu zilizoko Lionja, wilaya ya Nachingwea. Ni la mama mkwe wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliharibu, kwa lori hili hili, misimu miwili mfululizo, akidhani anamfanyia hisani. Mvua zimekaribia, na bado hajui kama ataruhusiwa kulitengeneza.

Swalehe alizaliwa Mbekenyera, Ruangwa. Alianza kama utingo kwenye malori ya korosho, akapanda hadi kuwa dereva, na kwa miaka mingi amebeba korosho za watu kuzipeleka Mtwara. Alipooa Lionja, miaka ishirini iliyopita, alifanya kama wafanyavyo wanaume wengi wa huku: alihamia upande wa mke.

"Huku kwetu mwanamume ndiye anayekwenda," anasema. "Ardhi ni ya akina mama. Bibi anamwachia binti, na binti anamwachia binti yake. Mimi pale ni mkwe. Nimekuja na nguvu zangu na suruali yangu."

Tatizo lilikuwa hizo nguvu. Ukweni mwanamume hupimwa kwa jembe, na Swalehe ni mtu wa usukani. Hadija hana huruma akisimulia jambo hili. "Akilima tuta moja anashika kiuno," anasema. "La pili, amelala chini anatazama mawingu. Mama alikuwa anaona yote, anageuka upande mwingine."

Ndiyo maana, miaka minne iliyopita, dereva mwenzake alipompigia simu kumwambia kuna mnada wa magari chakavu ya jeshi Dar es Salaam, Swalehe hakufikiri mara mbili. Trekta aliyokuwa ameiulizia, tena ya mtumba, ilikuwa inauzwa mara tatu ya fedha alizokuwa nazo yeye na mkewe kutokana na korosho za misimu mitatu. Lori lilikuwa ndani ya uwezo wao.

Lilikuwa na matairi sita, yote yanasukuma, na uzito wa tani tisa likiwa tupu. Aliambiwa abadilishe rangi ya kijeshi kabla ya kulitoa, akanunua ya bluu kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi dukani siku hiyo. Alipoliingiza Lionja, watoto hawakudanganyika na bluu. Jioni ile ile walilipa jina ambalo limeliganda hadi leo: Jeshi.

Fortunatus alilichomelea chuma cha kuvutia nyuma, akalifungia plau ya diski nne iliyookotwa kwenye chuma chakavu. Nachingwea si mahali pageni kwa mambo haya. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta huku mradi wao mkubwa wa karanga, na katika mradi ule vyuma vya vita viligeuzwa vya kulimia. Mradi haukufika mbali.

"Babu yangu alikuwa kibarua kule kwenye karanga," anasema Fortunatus. "Baba alipoona ninavyochomelea lile lori, akasema, haya, wameanza tena. Nilidhani ananitania."

Mwanzoni Jeshi lilisumbua kidogo. Kwenye udongo laini matairi yalikuwa yanazunguka bure. Swalehe akapata dawa, akapakia mawe nyuma mpaka chuma kikainama. Lori likabana ardhi na kuvuta. Kwa siku moja lililima hadi ekari sita, kila ekari shilingi elfu sitini, ingawa karibu nusu ilikuwa inaishia kwenye dizeli.

"Alivimba kichwa," anasema Hadija. "Akipita dukani anapiga honi. Hakuna wa kumpisha, barabara nyeupe, anapiga tu."

Shamba la kwanza kulimwa lilikuwa la mama mkwe, na hakumtoza hata senti. Siku hiyo mvua kubwa ilikuwa imetoka kunyesha na udongo ulikuwa bado mbichi, lakini Swalehe hakuweza kungoja. Kila mtu Lionja alikuwa amekuja kutazama.

"Wateja wengine niliwapitia mara moja," anasimulia. "Mama mkwe nilimpitia mara mbili, kwa urefu na kwa upana, halafu haro ya kusaga mabonge juu yake. Nilitaka udongo uwe kama unga."

Tunamuuliza kama mawe yalikuwa ndani ya lori.

"Yalikuwa ndani. Kwake niliongeza."

Juu, udongo ulikuwa unga kweli. Chini yake, kiasi cha shubiri moja, tani zile zote zilikuwa zimeushindilia ukawa kama sakafu ya baraza. Mvua zilizofuata, maji yalikosa pa kushukia. Ufuta haupendi kusimama majini. Ukapata rangi ya manjano, ukadumaa, ukanyauka. Mihogo ilishusha mizizi hadi pale pagumu, ikakata kona kwenda pembeni ikiwa myembamba kama vidole.

Bi Zaina, mama yake Hadija, aliona. Majirani waliona. Hadija aliona. Hakuna aliyesema neno.

Msomaji wa mbali huenda akashangaa, lakini hapa mkwe na mama mkwe wanaishi kwa heshima nzito. Hawakai mkeka mmoja na hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Maneno yao yote hupita kwa Hadija. Kumkosoa mkwe usoni ni aibu kwa wote wawili, na kukosoa kazi aliyoifanya bure, kwa moyo wake, ni zaidi ya aibu.

"Ningemwambia nini?" Bi Zaina anauliza. Tumemkuta kwake Lionja akipepeta mbaazi, mwanamke mwembamba anayejikadiria kuwa na miaka sabini. Anazungumza Kimwera akichanganya na Kiswahili, na pale Kiswahili kinapomwishia Hadija anamalizia. "Mtu kakuletea zawadi. Umwambie zawadi yako imeniletea njaa? Mdomo huo unaupata wapi?"

Waliomuuliza kuhusu ufuta wake aliwaambia ni mvua. Msimu wa pili Swalehe akarudi na lori, na mawe, na mapenzi yale yale. Bi Zaina akakaa ndani mpaka alipomaliza. Mkwe alipoondoka na mizigo kwenda Mtwara, mama mkwe aliuza mbuzi wake wawili akalipa vibarua, wakalima kwa jembe la mkono kipande kidogo nyuma ya kichuguu, mahali ambapo lori halikufika na mkwe hana sababu ya kupita. Kipande hicho ndicho kilichomlisha mwaka ule.

Kisha akamtuma Hadija apeleke shukrani.

"Kila msimu nililetewa asante na kuku," anasema Swalehe. Hapa sauti inamshuka. "Kuku wa pili nilimtafuna mpaka mifupa. Mtu ananificha njaa yake, na mimi nakula kuku wake."

Wakati huo huo alikuwa anatamba. Kila mteja aliyesitasita alimwambia nenda Lionja kaone shamba la mama mkwe. Wateja walikwenda, wakaona, wakarudi makwao kimya kimya na hawakumpigia simu tena. Ulipokaribia msimu wa tatu, simu ilikuwa haiiti kabisa.

Swalehe akaamini kuna mkono wa mtu. Alikwenda mpaka kwa mganga, akaambiwa aliegeshe lori likitazama mashariki. "Nililiegesha," anasema. "Wiki mbili linatazama mashariki. Hakuna aliyekuja isipokuwa kuku kutaga chini ya injini."

Aliyevunja ukimya huo ni mgeni. Dotto, afisa ugani aliyehamishiwa huku kutoka Shinyanga, alikuwa na miezi michache tu kazini. Alikuwa amepita kwenye mashamba ya Lionja kwa kazi zake, akapiga jembe hapa na pale, akaona alichokiona. Asubuhi moja akamkuta Swalehe kwenye kibanda cha chai, watu wamejaa, akamsalimia na kumwambia wazi.

"Nilimwambia, Bwana Swalehe, lile shamba la mama mkwe wako umelishindilia kama sakafu," Dotto anakumbuka. "Nikamwambia maji hayashuki, na bibi hajavuna kitu cha maana pale misimu miwili. Mimi nilidhani anajua. Kumbe kila mtu anajua isipokuwa yeye."

Jamaa mmoja, kwa mujibu wa Dotto, alianza kukoroga chai isiyo na sukari.

Swalehe alitoka bila kulipa. Alipitia nyumbani akachukua jembe na kwenda moja kwa moja shambani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Alichimba. Shubiri moja chini jembe liligonga na kumrudia mkononi. Akahamia mahali pengine, likagonga tena. Akaendelea hivyo hadi nyuma ya kichuguu, na huko jembe likazama.

"Nikaona matuta ya mkono," anasema. "Yamepangwa vizuri, kimya kimya. Nikajua ni nani kayalimisha na kwa nini yako pale nyuma. Nilikaa chini nikalia. Aibu ilikuja baadaye. Pale nililia kwa uchungu tu."

Nyumbani alimuuliza mkewe swali moja: ulijua? Hadija alijibu kwamba alijua.

"Mama alinikataza," anasema Hadija. "Alisema mwanamume akiaibika ukweni anarudi kwao. Akasema, mimi nikikosa ufuta nitakula majani, wewe ukikosa mume na hawa wajukuu utakula nini? Basi nikafunga mdomo. Nikimwona anapiga honi naingia ndani."

Swalehe hakurudi Mbekenyera. Lakini alilizima Jeshi, na lilikaa miezi bila kuwashwa. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja mara mbili, wakalizunguka na kulipima kwa macho kama ng'ombe wa sikukuu. Mara ya pili nusura awakabidhi funguo.

Katikati ya mvua za msimu ule basi dogo la abiria lilikwama kwenye tope kati ya Nachingwea na Ruangwa, na watu wakakumbuka kwamba Swalehe ana winchi. Alikwenda kwa shingo upande. Alisimamisha lori kwenye sehemu ngumu ya barabara, akatoa waya, akalivuta lile basi likatoka. Kilichobaki ni kisiki kilichokuwa kimezuia njia, akakifunga nacho akakivuta.

Kisiki kilikuja kikilima. Kilichana ardhi mtaro wa kufika gotini, huku lori likiwa limesimama pale pale pagumu.

"Abiria wananishukuru, wananipa mkono," anasema Swalehe, "mimi natazama ule mtaro. Nikajiambia, kumbe miaka yote hii tairi halikuwa na shughuli yoyote shambani."

Kesho yake alikuwa kwa Fortunatus kabla karakana haijafunguliwa. Fundi alimsikiliza, akamwambia ana wazimu, kisha akaanza kukata vyuma. Alitengeneza plau ya diski mbili yenye matairi ya mkokoteni, inayoshushwa ikivutwa na kuinuliwa vibarua wanapoirudisha mwanzo. Akatengeneza na jino moja refu la chuma la kupasulia chini, lenye urefu wa mkono hadi kiwikoni.

Jaribio la kwanza lilichekesha mji. Plau ilikita ardhini ikakataa kuja, na badala yake lori ndilo lililojivuta kuifuata. Ikabidi mawe yarudi nyuma ya lori na magogo yawekwe mbele ya matairi. Safari hii uzito uliwafaa, kwa kuwa ulibaki nje ya shamba.

Jaribio la pili halikuchekesha. Waya ulikatika, ukaruka na kukata mkorosho mchanga katikati. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kusimama karibu na waya, na hakuna kinachosogea bila kitambaa cha Hadija. Hata mteja mwenye haraka anasubiri kitambaa.

"Hapo mimi ndiye afande," anasema Hadija. "Nyumbani tunajadiliana. Shambani hapana."

Kazi hii ni ya polepole. Ekari moja huchukua karibu siku nzima, na kipato hakijafikia kile cha enzi za ekari sita. Mashamba mapana sana waya hauyafikii. Msimu wa korosho Swalehe anarudi kubeba mizigo ili nyumba iende. Hata hivyo mazao ya waliomjaribu mwaka jana yalikuwa mazuri, na kuanzia Lionja hadi Narung'ombe simu yake imeanza tena kuita.

Dotto naye amekuwa mtu wa karibu. Ndiye aliyewaambia kwamba tabaka gumu lipasuliwe kabla ya mvua. "Udongo mkavu unavunjika," anaeleza. "Ukiupasua ukiwa mbichi unaupaka tu, kesho umejifunga tena. Baada ya hapo panda mbaazi, mizizi yake inakwenda chini sana. Ufuta utafuata." Swalehe humwita "mchonganishi wangu", na kila wakikutana humdai chai ya siku ile, ilhali yeye ndiye aliyeondoka bila kulipa.

Wote wamerudi isipokuwa mmoja.

Mwaka jana Swalehe alimtuma Hadija kwa mama yake kuomba ruhusa ya kulipasua shamba lile. Jibu lilikuwa fupi: mwambie shamba langu linapumzika. Mwaka huu alikwenda mbali zaidi. Alimtoa mjomba wake Mbekenyera, akamvalisha kanzu, akampeleka ukweni na doti ya kanga na sukari. Bi Zaina alimpokea mjomba vizuri, akampikia, akamwambia atafikiri.

Siyo kiburi. "Mtu aliyeungua haulizwi kwa nini haji karibu na moto," anasema Hadija. Yeye ana sababu zake za kutaka jambo hili liishe. Ana mabinti wawili, na shamba lile ndilo watakalorithi. "Mama akiondoka na shamba limekufa, wanangu watarithi nini? Hadithi ya lori?"

Siku ile ile tukiwa Narung'ombe, karibu na adhuhuri, simu ya Hadija inaita. Anasikiliza, anaitikia mara kadhaa, anakata. Kisha anatembea shamba zima hadi kwenye dirisha la lori.

"Mama kasema uje," anamwambia mumewe. "Lakini atakuwepo."

Swalehe anazima injini. Mikono inabaki juu ya usukani.

"Atakuwepo wapi?"

"Shambani. Anataka kuona kwa macho yake."

"Sasa mimi nitavutaje winchi nimeinamisha uso?" Swalehe anauliza. Fortunatus anacheka mpaka anakaa chini kwenye mfuo alioulima mwenyewe.

Alhamisi, Lionja. Jeshi limeegeshwa kwenye njia ya kijiji na hakuna tairi hata moja lililogusa udongo wa shamba. Majirani wameanza kupita tangu asubuhi, kila mmoja ana shughuli upande huu, na shughuli zote hazina haraka. Dotto yupo. Bi Zaina amekaa kwenye kigoda mpakani, mbali, amejitanda kanga na ameligeuzia lori bega.

Hadija anapunga. Waya unakaza, jino linazama, na ardhi inaanza kupasuka kwa sauti nzito. Mabonge yanainuka, makubwa kama matofali, yakiwa bado na ule mng'ao wa kushindiliwa. Jino linakuja hadi mwisho. Hadija anashusha kitambaa. Swalehe ndani ya lori anatazama mita ya mafuta kana kwamba hajawahi kuiona.

Bi Zaina anasimama. Anaokota kijiti, anavua kandambili, anaingia shambani na kuanza kuufuata ule mpasuko hatua kwa hatua, akichoma kijiti chini. Kinazama. Anasogea. Kinazama. Katikati ya shamba anachoma na kijiti kinakataa. Anachoma tena kwa nguvu, kinavunjika.

Watu wote wanamtazama Hadija, kwa sababu ndiye atakayeambiwa. Hadija ameanza kutembea kumfuata mama yake. Bi Zaina anamwinulia mkono, simama hapo hapo. Anajigeuza mzima mzima kulielekea lori.

"Swalehe!"

Ameita kwa sauti ya mtu anayeita mtoto wake. Fortunatus anaachia mipini. Katika miaka ishirini, Hadija alituambia baadaye, hakuwahi kusikia jina la mumewe kinywani mwa mama yake.

"Hapa hapajaingia!" Bi Zaina anapaza sauti. "Umepita juu juu! Rudia!"

Mlango wa lori unafunguka. Swalehe anashuka, anavua kofia, anasimama kwenye njia mikono ikiwa pembeni.

"Ndiyo, mama," anasema. "Narudia."

Anarudia. Bi Zaina haendi kwenye kigoda. Anabaki shambani hadi jua la saa sita, hatua nyingi kutoka kwenye waya kama Hadija anavyoagiza, na kila mfuo ukikamilika anakwenda kuuchunguza. Pale pazuri ananyamaza. Pale pabaya anaita, na kila akiita ni Swalehe hili, Swalehe lile, mpaka majirani wanaanza kuondoka mmoja mmoja kushughulikia yale waliyosema wamekuja kuyafanya.

Alasiri, lori likiwa limepoa, tunamuuliza Swalehe anapanga nini baada ya hapa. Anazungumzia waya mpya, kwa sababu huu umeanza kuchakaa. Anazungumzia winchi ya pili ili afanye kazi kutoka pande zote mbili za shamba. Macho yake yamevimba na hajisumbui kuyaficha.

"Lakini hayo ni ya baadaye," anasema. "Mwakani nitakuja hapa kwanza, na nataka anigombeze kama leo. Siku akinyamaza tu, nazima injini."